Beji ya Mionzi: Inachopima na Isichopima

Mtumishi wa chumba cha eksirei anapoletewa taarifa ya beji yake yenye maneno "milisiveti 0.3", mara nyingi huitia sahihi na kuirudisha kwenye faili. Ni nadra kuuliza namba hiyo ni kipimo cha kitu gani.

Grei hupima nishati ya mionzi inayofyonzwa na kila kilo ya tishu. Siveti, iliyopewa jina la mwanafizikia wa Sweden Rolf Sievert, huzingatia madhara: aina ya mionzi na wepesi wa kila kiungo kudhurika. Kikomo cha mtumishi kwa mwili mzima ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka 5 mfululizo, na mwaka wowote mmoja usizidi milisiveti 50. Hata hivyo, dozi hiyo haipimiki moja kwa moja, kwani hakuna kifaa kinachoweza kuwekwa ndani ya kila kiungo cha mtu aliye kazini. Beji hukadiria dozi ya tishu iliyo milimita 10 chini ya ngozi, pale ilipovaliwa.

Makosa huanzia hapo hapo. Beji iliyosahauliwa katika koti lililotundikwa ofisini italeta taarifa safi, lakini taarifa hiyo ni ya koti. Beji iliyo chini ya aproni ya risasi hueleza hali ya kiwiliwili kilichokingwa; kuhusu macho haisemi lolote. Daktari anayepitisha katheta kwenye mishipa ya moyo husimama karibu sana na mgonjwa, na mwili wa mgonjwa ndio unaotawanya mionzi kuelekea usoni pa daktari. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilipendekeza kikomo cha lenzi ya jicho kishushwe kutoka milisiveti 150 kwa mwaka hadi wastani wa 20, baada ya kubainika kwamba mtoto wa jicho hutokea kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Daktari huyo, pamoja na muuguzi aliye kando yake, anahitaji beji ya pili nje ya aproni, usawa wa kola, na miwani ya risasi.

Vikomo hivi havimhusu mgonjwa. Kwake yeye swali ni kama picha inahitajika kweli, na kama inapigwa kwa dozi ndogo inayotosha kuonyesha ugonjwa. Akimwona mpiga picha akijificha nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza kitufe, asidhani ametelekezwa: yeye hupigwa picha siku moja, mwenzake hurudi chumbani humo kila siku ya kazi.