Vazi la Kuogelea na Haki ya Mashindano

Mtoto wa Masuguru, upande wa Handeni na Korogwe, aingiapo mtoni na kaptura pana ya pamba hutambua, kabla hajafundishwa fizikia, kwamba nguo hiyo humrudisha nyuma. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, nayo humpinga kila apitaye ndani yake. Husugua ngozi na nguo. Huzungukazunguka nyuma ya mwili na kuuvuta. Na tena mwogeleaji hupoteza nguvu kwa kuzusha mawimbi juu ya maji.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni jinsi upinzani huo unavyokua. Mwendo ukiongezeka maradufu, upinzani huongezeka karibu mara nne, na nguvu inayotakiwa kila sekunde karibu mara nane. Hivyo anayetaka kuongeza mwendo kwa asilimia 2 tu hana budi kuongeza nguvu kwa asilimia 6 hivi, na hiyo yaweza kuwa kazi ya miezi mingi ya mazoezi. Hesabu hiyo husomeka kinyume pia: vazi lipunguzalo upinzani kwa asilimia 6 humpa mvaaji asilimia 2 ya mwendo bila jasho. Kwa mtu aogeleaye mita 100 kwa sekunde 50, hiyo ni sekunde 1 nzima.

Thamani ya sekunde hiyo ilionekana Beijing, katika Olimpiki za mwaka 2008. Jason Dunford wa Kenya aliweka rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 kwa mtindo wa kipepeo, sekunde 51.14, katika kundi lililofuata Milorad Čavić wa Serbia akaivunja. Kwenye fainali Michael Phelps wa Marekani alimshinda Čavić kwa sekunde 50.58 dhidi ya 50.59. Dunford alikuwa wa tano, na kati yake na mshindi haikutimia sekunde 1.

Mwaka huohuo kampuni ya Speedo ilikuwa imetoa vazi liitwalo LZR Racer, lenye vipande vya poliuritani, yaani plastiki laini isiyopitisha maji. Vipande vyake viliunganishwa bila uzi, kwa mitetemo ya sauti isiyosikika na binadamu. Vazi lilibana mwili hata kulivaa kukawa kazi ya dakika nyingi. Mwaka 2009 kampuni nyingine zilitengeneza mavazi ya poliuritani tupu, ambayo pia yalimsaidia mvaaji kuelea juu zaidi. Katika mashindano ya dunia ya Roma mwaka huo zilivunjwa rekodi 43 za dunia. Shirikisho la kimataifa la kuogelea, FINA, likapiga marufuku mavazi hayo kuanzia tarehe 1 Januari 2010. Mwanamume aliruhusiwa kufunika mwili kutoka kitovuni hadi magotini tu, mwanamke kutoka mabegani hadi magotini, na kwa kitambaa cha kawaida. Dunford alipata dhahabu ya mita 50 za kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi mwaka huohuo, chini ya kanuni mpya.

Rekodi za zamani, hata hivyo, hazikufutwa. Ile ya mita 400 za mtindo huru, iliyowekwa Roma na Paul Biedermann wa Ujerumani, ilidumu hadi Aprili 2025, alipoivunja Mjerumani mwenzake Lukas Märtens kwa sekunde 0.11.

Wapo waliosema kwamba marufuku hiyo ilipinga maendeleo, kwani miwani ya majini na kamba zivunjazo mawimbi nazo zimeongeza mwendo. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Kamba ya bwawani humhudumia kila aliyemo. Vazi la mamia ya dola, lichakaalo baada ya kuvaliwa mara chache, humhudumia aliye nalo. Tena, hata kama lingegawiwa bure, tatizo lingebaki. Kwa kuwa vazi hubana nyama laini na kunyoosha umbo, mwenye mwili ambao tayari umenyooka hupata faida ndogo, na mwenzake hupata kubwa. Basi mpangilio wa washindi waweza kubadilika bila yeyote kuongeza juhudi. Viatu vya mbio ndefu vimeleta mjadala wa jamii hiyohiyo, na tangu mwaka 2020 kanuni zimeweka unene wa soli usizidi milimita 40. Mtanzania Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025, alimtangulia wa pili kwa sekunde 0.03.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa hori la maji. Zichukuliwe gogo mbili ndogo zenye ukubwa na uzito sawa, moja ikwanguliwe hadi iwe laini, nyingine ikatwekatwe kwa panga. Kila moja ifungwe uzi upitao juu ya ukingo wa hori, na mwishoni pa uzi lining’inizwe jiwe lilelile. Upimwe muda wa kila gogo kuvuka hori, mara tano au zaidi, kisha wastani uandikwe. Halafu zote mbili zifungwe karatasi ya plastiki iliyokazwa vizuri, na kupimwa upya. Gogo iliyokatwakatwa ndiyo itakayopunguza muda mwingi zaidi.