Utunzaji wa Picha za Akriliki Katika Joto la Pwani

Mwongozo huu ni wa anayetundika picha, anayezipangusa vumbi, anayezifunga na kuzisafirisha, iwe katika nyumba ya sanaa, hoteli au ofisi. Unahusu rangi za akriliki zinazochanganywa kwa maji, ambazo wachoraji wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huzipenda kwa kuwa hukauka upesi.

Kukauka huko ndiko kunakowapotosha wengi. Maji yakishatoka, chembe za plastiki zilizokuwa zikielea ndani ya rangi hushikana na kuwa utando. Utando huo haugeuki kuwa mgumu kama gamba. Katika nyuzi 30 za Selsiasi, joto la kila siku la pwani, bado ni laini, na vumbi likitua juu yake huanza kuzama taratibu. Isitoshe, rangi hizi hutiwa kiwandani viambato vya jamii ya sabuni ili chembe zisigandamane. Miaka ikipita viambato hivyo hupanda juu, vikaacha weupeweupe kama mvuke kwenye kioo, wakati mwingine wenye kunata, na rangi nyeusi ikaonekana kama imechakaa.

Niliwahi kufungua picha iliyokuwa imefungwa kwa plastiki ya viputo, viputo vikiwa vimeelekea kwenye rangi, ikakaa stoo wiki tatu za Februari. Plastiki ilibanduka kwa mlio wa gundi. Juu ya anga ya buluu yalibaki maduara madogo yenye kung'aa, safu kwa safu, na kwenye kona moja kipande cha rangi kiliondoka na plastiki. Maduara yale hayakufutika.

Kwa hiyo plastiki isiguse uso wa picha hata kwa siku moja. Picha yenye fremu ivalishwe kona za kadibodi nene ili kifungio kipite juu bila kugusa rangi. Isiyo na fremu ifunikwe kwanza kwa karatasi yenye silikoni, ile isiyonata ya kuokea. Picha mbili zisilazwe uso kwa uso. Turubai ikilazimika kuviringishwa, rangi ikae upande wa nje, juu ya bomba pana.

Baridi ina madhara yake. Picha inayopelekwa Ulaya mwezi wa Januari hukakamaa chini ya nyuzi 10, na ikikaribia 5 inaweza kupasuka kwa kugongwa kidogo tu. Sanduku likifika lisifunguliwe papo hapo. Likae siku nzima ndani ya chumba chenye joto.

Katika kusafisha, kitambaa chenye maji kipigwe marufuku. Maji huvimbisha utando, hung'oa baadhi ya viambato na huweza kubadili mng'ao. Maji ya sabuni, kwa kuwa ni ya alkali, huvimbisha zaidi. Tineri, spiriti na asetoni huilainisha rangi au kuiyeyusha kabisa. Mhudumu atumie brashi laini kavu tu, na aache mara moja brashi ikianza kushika rangi au kukwama. Vumbi lililozama ni kazi ya mhifadhi. Yeye hujaribu kwanza pembeni, mahali padogo kuliko punje ya maharage, kwa maji aliyoyarekebisha yawe na asidi kidogo, au kwa kimiminika kisichovimbisha rangi.

Njia hizo bado ni changa. Rangi hizi zilianza kuuzwa kwa wachoraji nchini Marekani katikati ya miaka ya 1950. Hata A Bigger Splash, picha ya akriliki ya mchoraji David Hockney inayomilikiwa na jumba la sanaa la Tate la London, ni ya 1967 tu. Tate na taasisi ya Getty ya Los Angeles zimefanya utafiti mwingi kuhusu usafishaji huu. Nami nawasihi wenye picha wasikimbilie kupaka vanishi ili kuzikinga: kinachoiondoa vanishi mara nyingi hugusa na rangi. Kioo kilichoachiwa nafasi mbele ya picha ni salama zaidi.

Nyuma ya fremu viwekwe vigingi vidogo ili hewa ipite, maana ukuta wenye unyevu huleta kuvu. Kipande cha rangi kilichobanduka kisitupwe wala kisigandishwe kwa gundi: kikunjiwe ndani ya karatasi safi, iandikwe tarehe na mahali kilipotoka, kimsubiri mhifadhi.