Mashine Inayoshauri: Nani Hufaidika, Nani Hupata Hasara?

Segese ni mji mdogo katika Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga, kwenye ukanda wa dhahabu unaoelekea Geita. Wakazi wake ni wakulima wa mpunga na mahindi, wafugaji, wachuuzi na wachimbaji wadogo. Zamani wachimbaji waliyatwanga mawe ya dhahabu kwa mikono; siku hizi mawe hayo husagwa kwa karasha. Mashine hiyo imepunguza sulubu ya kutwanga, lakini haijui duara lipi lichimbwe wala jiwe lipi linunuliwe. Maarifa hayo yamebaki kwa binadamu.

Mfano huo wa karasha wafaa kuanzia somo juu ya mashine mpya inayozungumzwa sana duniani, yaani akili mnemba. Je, mashine hii ikiingia katika kazi za watu, huwasaidia wote kwa kadiri moja? Wanauchumi wamelichunguza swali hilo kwa majaribio, na mojawapo ya majaribio muhimu limefanyika hapa Afrika Mashariki.

Kazi ni fungu la majukumu

Mwaka 2003 wanauchumi David Autor, Frank Levy na Richard Murnane wa Marekani walichapisha uchambuzi uliobadili namna ya kuitazama kazi. Walieleza kwamba kazi si kitu kimoja, bali ni fungu la majukumu mbalimbali. Kompyuta hutwaa yale majukumu yanayoweza kuandikiwa kanuni zilizo wazi, kama vile kujumlisha hesabu au kupanga majina. Majukumu yanayodai busara, kama kuamua na kushawishi, hubaki kwa mtu, na pengine thamani yake huongezeka.

Akili mnemba imeutikisa mpaka huo. Mashine ya aina hii, mathalani ChatGPT iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2022, husomeshwa maandishi mengi mno. Kutokana na maandishi hayo hujifunza ni maneno yapi huelekea kufuatana. Kisha ikiulizwa, hutunga jibu hatua kwa hatua kwa kukisia lifuatalo. Kwa hiyo huweza kuandika barua, kufafanua somo, na hata kutoa ushauri. Lakini yapo mambo mawili ya kukumbukwa. Kwanza, mahali palipoandikwa habari chache, kama Segese, mashine hujibu kwa mambo ya jumla. Pili, hujibu kwa ufasaha uleule iwapo imepatia au imekosea.

Majaribio mawili, matokeo mawili

Mwaka 2023 Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond walitoa taarifa ya utafiti juu ya wafanyakazi zaidi ya 5,000 wa kampuni moja, ambao kazi yao ni kuwajibu wateja wenye matatizo. Waliopewa msaada wa akili mnemba walimaliza matatizo mengi zaidi kwa saa, kwa wastani wa asilimia 14. Wafanyakazi wageni na wasio na ujuzi mwingi waliongeza kwa asilimia 34, ilhali mabingwa hawakupata faida kubwa. Hapo mashine ilimwinua aliye chini.

Mwaka huohuo Nicholas Otis, Rembrand Koning na wenzao walitoa matokeo ya jaribio la miezi mitano nchini Kenya. Walihusisha wajasiriamali wadogo 640, wakawagawa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa mshauri wa biashara aliyeundwa kwa GPT-4, aliyeulizwa na kujibu kwa WhatsApp. Kundi la kulinganishia lilipewa kitabu cha kawaida cha mwongozo wa biashara. Kugawa kwa kura kuna maana yake: makundi huwa yanafanana tangu mwanzo, hivyo tofauti itakayoonekana baadaye yaweza kuhesabiwa kuwa imetokana na mashine.

Kwa wastani, mshauri yule hakuleta tofauti yoyote. Lakini watafiti hawakuishia kwenye wastani. Waliwatenga wenye biashara zilizokuwa zikienda vizuri na wale ambao biashara zao zilikuwa dhaifu tangu awali. Wa kwanza walipanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 15. Wa pili walishuka kwa kadiri ya asilimia 8. Mashine ileile ilimwinua mmoja na kumdidimiza mwingine.

Wastani huficha

Hapa pana fundisho kwa darasa la hisabati. Wafikiriwe wachuuzi wawili wa mchele. Mmoja hupata faida ya shilingi 100,000 kwa mwezi, mwingine shilingi 50,000. Wa kwanza akipanda kwa asilimia 15 atapata 115,000. Wa pili akishuka kwa asilimia 8 atapata 46,000. Tofauti baina yao ilikuwa 50,000, sasa imekuwa 69,000. Anayetazama jumla peke yake ataona shilingi 11,000 zimeongezeka, wala hataona kwamba aliyekuwa na kidogo amepungukiwa.

Kwa nini waliokuwa dhaifu walipata hasara?

Si kwamba hawakuitumia mashine. Makundi yote mawili yaliomba ushauri. Uchambuzi wa kwanza wa mazungumzo yao ulionyesha kwamba wenye biashara dhaifu walipeleka matatizo magumu zaidi. Katika uchambuzi wa baadaye ilielezwa kuwa walielekea kuushika ushauri wa jumla, kama vile kupunguza bei na kujitangaza, hali wenzao walichagua ushauri uliolingana na biashara zao.

Sasa tofauti na utafiti wa kwanza yaweza kueleweka. Mfanyakazi anayejibu wateja huletewa swali, na jibu lake lina mipaka. Mfanyabiashara hana budi kulichagua swali mwenyewe, kisha kulipima jibu. Majukumu hayo mawili mashine haikumwondolea.

Na wafikiriwe mama lishe wawili wa Segese wanaouza chakula karibu na mwalo. Wa kwanza auliza: “Nifanyeje nipate wateja zaidi?” Mashine yamjibu apunguze bei. Lakini wateja wamepungua kwa sababu maduara yamekauka na wachimbaji wamekimbilia rashi mpya kwingineko. Bei ndogo haitawarudisha, bali itamla mtaji. Wa pili auliza: “Wachimbaji hunilipa wakishauza dhahabu, pengine baada ya wiki tatu. Daftari la madeni nilipange vipi ili nisikose fedha ya kununua mchele?” Swali hili limebeba habari za mahali, nalo laweza kupata jibu la kufaa. Aliyeuliza hivyo alikwisha kuijua kazi yake kabla ya kuishika simu.

Kazi ya mwalimu

Ikiwa faida ya mashine humwendea ajuaye kuuliza na kupima, basi kuieneza mashine bila kuueneza ujuzi huo kwaweza kulipanua pengo lililopo. Ujuzi huo hufundishika, na shule ya sekondari ni mahali pake. Mwanafunzi anayezoezwa kueleza hali kabla ya kuuliza, kudai sababu ya kila jibu, na kulijaribu jibu kwa kiasi kidogo kabla ya kuhatarisha mtaji wote, anapewa kile ambacho mashine haiwezi kumpa. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Ila kuuliza vema ni elimu.

Maswali ya kujadili

1. Chagueni kazi moja inayofanyika kijijini kwenu. Orodhesheni majukumu yake, kisha semeni yapi mashine yaweza kuyafanya na yapi haiwezi.

2. Kwa nini wajasiriamali wa Kenya waligawanywa kwa kura, wala hawakuachwa wachague kundi wenyewe?

3. Wanafunzi watano wamepanda alama 6 kila mmoja, na watano wameshuka alama 6 kila mmoja. Tafuteni wastani wa mabadiliko. Je, ni haki kusema kwamba hakuna kilichobadilika?

4. Mkulima wa pamba auliza mashine: “Nitaongezaje mavuno?” Liandikeni upya swali lake ili libebe habari za shamba lake.