Somo la Robo Hii: Kereng'ende Mwembamba, Shahidi wa Chemchemi

Kamati nyingi za parokia zinapopanga mradi wa maji huanza na hesabu ya mabomba, saruji na tangi. Hiyo ni sawa, lakini bomba halizai maji. Katika somo hili tumwangalie mdudu mdogo anayeweza kutueleza hali ya chanzo chenyewe: kereng'ende mwembamba.

Ni mdudu gani?

Duniani kuna aina zaidi ya 6,000 za kereng'ende, na karibu nusu yake ni za kundi la wembamba. Kereng'ende wanene huruka kwa nguvu, na wakitua hutandaza mabawa. Mwembamba ana mwili kama kijiti na macho yaliyoachana pande mbili za kichwa. Akitua, mara nyingi hufumba mabawa yake manne juu ya mgongo. Hana mwiba wala sumu.

Hatua za maisha yake

1. Yai. Jike hutoboa shina au jani la mmea ulio majini au ukingoni, akaingiza mayai ndani yake. Tukifyeka mimea yote ya ukingoni, tumemwondolea mahali pa kutagia.

2. Lava. Huyu huishi ndani ya maji. Mkiani ana viungo vitatu vinavyofanana na vijani, vinavyomsaidia kupumua. Mdomo wake wa chini hufyatuka ghafla na kunasa mawindo, wakiwemo viluwiluwi vya mbu. Hujivua ngozi mara nyingi anapokua. Hatua hii huweza kuchukua wiki kadhaa au miezi mingi, kufuatana na aina yake na joto la maji.

3. Mdudu kamili. Lava hupanda juu ya shina au jiwe, ngozi hupasuka mgongoni, na mwenye mabawa hutoka. Hapiti hatua ya kulala ndani ya kifuko kama kipepeo. Baada ya hapo wengi huishi siku au wiki chache tu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake hupita majini. Maji yakikauka au yakijaa tope kabla lava hajakomaa, kizazi kile kinapotea.

Kila aina na makazi yake

Ischnura senegalensis ni mvumilivu. Utamkuta kwenye mabwawa, majaruba ya mpunga na hata maji yaliyochafuka. Wengine hawawezi hivyo. Coryphagrion grandis, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, hukulia kwenye maji ya mvua yaliyokusanyika ndani ya mashimo ya miti. Mti mkubwa ukikatwa, bwawa lake limekwenda.

Amanipodagrion gilliesi alielezwa kisayansi mwaka 1962. Anajulikana kutoka Amani pekee, katika milima ya Usambara Mashariki, kwenye vijito vyenye kivuli cha msitu. Yumo katika daraja la viumbe walio hatarini zaidi kutoweka. Misitu hiyo hiyo ndiyo chanzo cha mto Zigi, unaopeleka maji katika bwawa la Mabayani kwa ajili ya jiji la Tanga. Msitu unaomhifadhi mdudu huyu unawanywesha watu pia.

Tunajifunza nini?

Chemchemi iliyokuwa na aina nyingi ikibakiwa na wale wavumilivu tu, tujue kivuli, mimea au maji yenyewe yamebadilika. Hata hivyo tusikosee: kereng'ende haonyeshi vijidudu vya kuhara. Maji yapimwe, na ya kunywa yachemshwe.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kuitekeleza si jambo jepesi, kwa sababu mara nyingi bustani ya mboga ya familia maskini iko papo hapo bondeni. Kamati isimfukuze mtu mikono mitupu. Ikae naye, imtafutie mahali pengine pa kulima, ndipo ipande miti ya asili. Mikaratusi isipandwe karibu na chanzo, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Kwa wahisani wetu: bajeti ya mradi wa maji isiishie kwenye bomba. Kitalu cha miti na fidia ya mkulima anayehama ni sehemu ya mradi, kama ilivyo saruji.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Tembeleeni chanzo chenu siku ya jua, kabla ya mvua na baada yake. Mnaona kereng'ende wa namna ngapi?
2. Wazee wanakumbuka nini kuhusu miti na maji ya mahali hapo?
3. Nani analima ndani ya mita 60, na tutamsaidiaje kuhama bila kupoteza chakula chake?