ELIMU KWA WANANCHI: BARIDI YABISI YA MBWA NA UTUNZAJI WA VIUNGO

Wananchi wa Unguja na Pemba hufuga mbwa kwa haja maalumu: ulinzi wa nyumba na maghala, na usasi wa nguruwe mwitu na kima waharibuo mashamba. Dini imeruhusu mbwa wa kazi kama hizo, na mwenye kumtumia mnyama hubeba pia dhamana ya kumtunza. Makala haya yanaeleza maradhi yawapatayo mbwa wengi wanapozeeka, nayo ni baridi yabisi ya viungo.

Ncha za mifupa inayokutana kwenye kiungo zimevikwa gegedu, nalo ni laini na telezi. Baina yake kuna ute unaopunguza msuguano. Gegedu likichakaa, kiungo huvimba, huota vijinundu vya mfupa, na kila hatua huwa ya maumivu. Gegedu lililochakaa halirudi kama lilivyokuwa. Kwa hivyo maradhi haya hayaponi, bali hutulizwa. Nyonga, magoti na viwiko huathirika zaidi. Mbwa wa maumbo makubwa, kama wale wa asili ya Ujerumani, huweza kurithi kasoro ya nyonga na wakaanza kuumwa wangali vijana.

Dalili zake ni hizi: mbwa huwa mzito kuinuka asubuhi, kisha huchangamka akitembea kidogo, husita kupanda ngazi, hulamba kiungo kimoja mara kwa mara, na hukasirika aguswapo. Mara nyingi halii. Mbwa wa ulinzi asiyeinuka mgeni apitapo huenda si mvivu bali anaumwa, na kumpiga ni kumzidishia maumivu.

Wafugaji wanatahadharishwa wasimpe mbwa vidonge vya binaadamu. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtia vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake. Parasitamoli huweza kudhuru ini na damu. Zipo dawa zitumikazo kwa mbwa, kama vile kaprofeni na meloksikamu, lakini kipimo chake hupangwa na daktari wa mifugo kwa kuangalia uzito na afya ya mnyama. Dawa mbili za aina hii zisitolewe pamoja.

Matunzo ya nyumbani hayahitaji gharama kubwa:

1. Mbwa asinenepe. Mbavu zake ziweze kuhisika kwa vidole bila ya kubonyezwa. Mabaki ya wali na mafuta yapunguzwe.

2. Atembezwe kidogo kidogo kila siku, asubuhi na jioni, badala ya kukimbizwa sana siku moja na kufungwa siku nyingine zote.

3. Asilale juu ya saruji tupu. Magunia makavu yaliyokunjwa yanatosha.

4. Kucha zake zikatwe zisimharibie mwendo.

Ifahamike pia kwamba si kila kuchechemea ni baridi yabisi. Huenda ni mwiba, mvunjiko, au maradhi yanayoenezwa na kupe, ambayo huleta homa na uvimbe wa viungo. Mbwa aliyeanza kuchechemea ghafla, mwenye homa au aliyekataa chakula, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Wananchi wanaombwa kufika katika afisi ya mifugo ya wilaya kwa ushauri kabla ya kununua dawa yoyote.