Pete ya Alizeti: Tafakuri Kuhusu Istilahi

Makala haya yanachunguza iwapo istilahi ya Kiswahili inaweza kubeba dhana ya biokemia bila kuipunguza. Mfano wetu ni alizeti, mmea unaojulikana vyema na wakulima wa Kitale na Bungoma.

Mnamo mwaka wa 1999, wanasayansi walieleza muundo wa molekuli iliyomo katika mbegu zake, iitwayo SFTI-1. Huu ni mnyororo mfupi wa asidi amino 14, ncha zake zimeungwa, na katikati umekazwa kwa daraja la salfa. Hujipachika katika tripsini, kimeng'enya kinachokata protini utumboni, na kukizuia kufanya kazi.

Je, tuiite peptidi duara au peptidi pete? Duara hutaja umbo tu. Pete hutaja pia utengenezaji: sonara hukunja uzi wa fedha, akaunga ncha zake. Aidha, vipo vimeng'enya vinavyotafuna protini kuanzia nchani. Pete haiwapi pa kuanzia.

Kwa hivyo, tunapendekeza peptidi pete. Mwanafunzi wa Bungoma akilisikia jina hilo, atakuwa ameelewa nusu ya somo kabla mwalimu hajachora chochote ubaoni.