Kabla ya Kufuta Rekodi za Malipo, Angalia Kwanza

Msimu wa kupanda ukifika Eldoret, wakulima hujaa madukani kutafuta mbegu na mbolea, na wengi hulipa kwa simu. Kama duka lako huhifadhi malipo hayo kwenye hifadhidata ya kompyuta, huenda bado kuna rekodi za shilingi moja moja ulizoweka ukijaribu mfumo. Unataka kuzitoa? Sawa, lakini polepole.

Amri hii ni hatari:

DELETE FROM malipo;

Haina sharti, kwa hivyo inafuta kila kitu. Kesho mteja akija na meseji yake aseme, "Nililipa mifuko miwili, nikabeba mmoja," utaangalia wapi?

Fuata hatua hizi:

1. Weka nakala ya hifadhidata mahali pengine.

2. Angalia kabla ya kufuta:

SELECT * FROM malipo WHERE aina = 'jaribio';

Ulitarajia rekodi 12? Ukiona 412, sharti lako lina kasoro. Lirekebishe kwanza.

3. Sasa futa, sharti likiwa lile lile:

BEGIN;
DELETE FROM malipo WHERE aina = 'jaribio';

BEGIN inaiambia hifadhidata isikamilishe chochote hadi uthibitishe. Kwenye MySQL, hakikisha jedwali ni la InnoDB.

4. Linganisha hesabu. Zimefutika 12? Andika COMMIT, ili kukamilisha. Hesabu haikubali? Andika ROLLBACK, na zote zitarudi. Lakini COMMIT ikishapita, ROLLBACK haisaidii tena.

Je, rekodi zilizojirudia? Usizitafute kwa kiasi au nambari ya simu pekee. Mteja mmoja anaweza kulipa pesa ile ile mara mbili siku moja, na malipo yote mawili yakawa ya kweli. Tumia msimbo wa muamala, kwa sababu kila malipo huwa na wake. Wa M-PESA una herufi na tarakimu 10.

Na malipo halisi, hata ya zamani, usiyafute ovyo. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze rekodi zake kwa miaka 5.

Kumbuka pia: kufuta rekodi dukani hakumrudishii mteja pesa. Kama alilipa kimakosa, mrudishie pesa zake, na rekodi zote mbili, ya kulipa na ya kurudisha, ziache hapo hapo.